Bonsai haipogolewi kwa kutazama kalenda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe dukuduku langu juu ya makala ya ukurasa wa bustani iliyowashauri wasomaji wenye bonsai, yaani miti inayofanywa midogo kwa kutunzwa chunguni, wazipogoe zote mwezi Machi na, mwezi huohuo, wazitoe chunguni, wazipunguze mizizi na kuzibadilishia udongo. Mwandishi alieleza vizuri namna ya kunoa na kusafisha mikasi, na kwa hilo anastahili shukrani. Tatizo langu ni huo mwezi mmoja uliogeuzwa sheria ya miti yote. Machi ya kaskazini mwa dunia ni mwanzo wa machipuo, Machi ya kusini ni wakati majani yanapoanza kupukutika, na karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza mti bali kuna zamu ya mvua na ukavu. Hata pale ambapo Machi inafaa, huifaa miti fulani na kuiumiza mingine.

Kwa miti inayopukutisha majani, kama elmi, ni kweli kwamba matawi makubwa hukatwa mwishoni mwa majira ya baridi, macho, yaani vijicho ambamo machipukizi hutokea, yakiwa bado yamefumba au ndiyo kwanza yanaanza kuvimba. Wakati huo mti uko uchi, kila kosa la umbo linaonekana, na akiba ya chakula iliyomo mizizini na kwenye shina haijatumika kutengeneza majani. Mepo, mti mwingine unaopukutisha majani, hata hivyo ina tabia yake: ukiikata utomvu unapoanza kupanda, jeraha hutiririka kwa siku kadhaa, ndiyo maana wapo wanaosubiri majani ya kwanza yakomae kabla ya kugusa tawi nene.

Baada ya hapo kuna upogoaji mdogo wa msimu mzima, ambao makala haikuutaja kabisa ingawa ndiyo kazi yenyewe. Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ukiiondoa ncha, macho yaliyolala karibu na shina huamka. Kwa hiyo chipukizi lililofikisha majani sita au manane likirudishwa hadi mawili, tawi hugawanyika na kuwa na vitawi vifupi, na bila kazi hiyo mti hurefuka nje na kukauka ndani. Kileleni, ambako nguvu hukimbilia, mkasi uwe mkali zaidi, na matawi ya chini yaonewe huruma.

Misonobari nayo ilitiwa kapu moja, nami hilo liliniuma zaidi. Msonobari mweusi wa Japani, ukiwa na afya, unaweza kuchipua mara mbili kwa msimu. Machipukizi yake yanayosimama wima kama mishumaa hukatwa mwanzoni mwa majira ya joto, takriban siku 100 kabla ukuaji haujasimama, ili ya pili yatoke na sindano fupi zinazolingana na udogo wa mti. Msonobari mweupe huchipua mara moja tu, kwa hiyo ukiukata mishumaa yote umeunyang'anya chakula cha mwaka mzima. Na huu si mti wa kupuuzwa: msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, uliotunzwa chunguni tangu mwaka 1625 na kunusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, ulitolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976 na uko Washington hadi leo. Haukufikia umri huo kwa kukatwa ovyo.

Azalia, vichaka vya maua, za aina ya satsuki huchanua mwanzoni mwa joto na kufunga matumba ya mwaka ujao miezi michache baadaye, kwa hiyo hupogolewa mara tu maua yanaponyauka. Anayezipunguza mwishoni mwa baridi anakata maua ambayo amekuwa akiyangojea tangu mwaka uliopita. Mitini ya nchi za joto, ile inayotoa utomvu mweupe kama maziwa, haina haja na Machi wala Oktoba. Hupogolewa wakati wowote inapokua kwa nguvu, na mizizi yake hupunguzwa joto likiwa limekolea.

Kuhusu kupogoa na kupunguza mizizi kwa pamoja, nasema kwa uchungu wa aliyeyatenda. Nilikuwa na mreteni, mti wa kijani wenye sindano, niliouona umejaza chungu kwa mizizi. Katika wiki moja niliukata ncha zote, nikaondoa karibu nusu ya mizizi, kisha nikaufunga waya wa kuyaelekeza matawi. Ulibaki wa kijani kwa majuma kadhaa, nami nikajipongeza. Baadaye rangi ikafifia, ikaelekea kijivu, na nilipokwangua gome kwa ukucha sikuona unyevu wala ubichi, ila mti mkavu wa rangi ya majivu. Mreteni unaweza kuwa umekufa zamani kabla haujakuonyesha. Tena tawi lake likinyolewa sindano zote kwa kawaida halichipui tena, tofauti na mtini. Kazi hizo tatu nilipaswa kuzitenganisha kwa msimu mzima, pengine miwili.

Ninaomba basi ukurasa wa bustani uchape masahihisho, na mwandishi atakapotaja mwezi, autaje pamoja na aina ya mti na dalili inayoonekana kwenye jicho au kwenye chipukizi.

Kwa wasomaji ambao tayari wameufuata ushauri ule: msiutoe mti chunguni tena ili kuchungulia mizizi. Uwekeni mahali penye mwanga usiochoma na pasipo na upepo mkali. Kumbukeni kwamba mti uliopungukiwa majani hunywa maji kidogo, hivyo ingizeni kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia, na kama chini ya tabaka la juu lililokauka bado pana unyevu, acheni hadi kesho. Mbolea isubiri mwezi mmoja au zaidi iwapo mizizi ilikatwa. Waya, kama upo, ukaguliwe kila wiki mara ukuaji unapoanza, maana gome hunenepa haraka na kovu la waya hukaa miaka. Mkasi urudi kazini pale tu machipukizi mapya yatakapokuwa yamefunguka na kukomaa.

Wako,
Msomaji na mtunzaji wa bonsai