Uluru ina wenyewe, na picha ile iondolewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji wenu aliyelalamika kwamba alipofika Uluru, ule mwamba mwekundu mkubwa wa jangwani Australia, alizuiwa kurusha droni na kurekodi kipindi cha chaneli yake kwa sababu hakuwa na kibali. Ameuita ubaguzi dhidi ya Mwafrika aliyejinyima mpaka akafika huko. Naomba pia nizungumzie picha mliyoiweka pembeni ya barua yake, maana hiyo imeniumiza kuliko maneno yenyewe.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Lindi. Naishi Alice Springs na kazi yangu ni kutunza wazee. Kutoka mjini kwetu hadi Uluru ni kilomita 450 hivi kwa barabara, na kwa jangwa hili huo ni ujirani. Ndugu au rafiki akija kunitembelea, ndiko ninakompeleka.

Kanuni iliyomkwamisha kaka yetu haikutungwa kwa ajili yake. Ni kanuni ya serikali kuu ya Australia kwa hifadhi za taifa zilizo chini yake, Uluru na Kakadu zikiwemo: anayepiga picha, filamu au kurekodi sauti kwa nia ya kupata kipato lazima awe na kibali. Iwe kampuni kubwa ya matangazo kutoka Sydney, iwe kijana mwenye simu na chaneli inayolipwa kwa matangazo, wote wanapita mlango huo huo. Mtalii anayepiga picha za familia yake haulizwi kibali, anaombwa tu aheshimu vibao. Droni hairushwi ndani ya hifadhi bila ruhusa, ya Mzungu wala ya Mwafrika. Nimewaona Wazungu wakirudisha zao kwenye mabegi pale maegeshoni huku wamenuna.

Ila kanuni peke yake haielezi jambo. Tarehe 26 Oktoba 1985, Gavana Mkuu wa Australia, Ninian Stephen, aliwakabidhi Waanangu, wenyeji asilia wa eneo hilo, hati ya umiliki wa ardhi ile, mbele ya mwamba wenyewe. Waanangu nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 ili iendelee kuwa hifadhi ya taifa. Siku hiyo kuna waliorusha ndege yenye bango la kupinga. Miaka mingi imepita na naona bango lile linaendelea kuruka katika barua kama ya kaka yetu, inayosema mwamba ni urithi wa dunia kwa hiyo hauna mwenyewe. Kweli upo kwenye orodha ya UNESCO: uliingia 1987 kwa sifa za asili, na 1994 ukaongezwa kwa utamaduni wa watu wake. Hao watu ndio sababu mojawapo ya kuitwa urithi wa dunia, halafu tuwaambie kwamba kwa kuwa ni urithi wa dunia, wao wakae pembeni?

Hifadhi inaendeshwa na bodi ambayo wengi wa wajumbe wake ni Waanangu. Kwa hiyo anayeomba kibali cha kurekodi pale haombi hisani ya karani wa serikali. Anamwomba mwenye ardhi, na mwenye ardhi ana haki ya kusema hapana.

Sasa nije kwenye jambo linalowakwaza wageni wengi, na nadhani ndilo lililomkwaza kaka yetu. Njia ya kuuzunguka mwamba kwa miguu ina urefu wa zaidi ya kilomita 10. Unatembea, upande mmoja nyasi kavu na miti ya jangwani, upande mwingine ukuta mwekundu unaopanda mpaka shingo inauma. Halafu unakuta kibao kinachokuomba usipige picha kuanzia hapo. Maelezo yake ni mafupi: maumbo ya mwamba mahali hapo, kwa Waanangu, ni sawa na maandiko matakatifu, na yanatakiwa kutazamwa pale pale yalipo. Haifai picha zake zionekane kwingine. Basi. Hakuna hadithi, wala huambiwi ile pango au ule ufa una maana gani. Wageni wanakasirika: mnanikataza, kwa nini hamnielezi?

Huwezi kuelezwa, kwa sababu maelezo yenyewe ndiyo yanayolindwa. Yako mambo ya wanaume ambayo mwanamke wa Kianangu hapaswi kuyajua, na yako ya wanawake ambayo mwanaume haoneshwi maisha yake yote. Kata Tjuta, ile milima ya mviringo iliyo jirani na Uluru ndani ya hifadhi hiyo hiyo, iko chini ya sheria ya wanaume. Picha ikishatoka haichagui macho. Inamfikia mwanaume, mwanamke na mtoto ambaye bado hajafunzwa mambo hayo.

Mimi nililielewa hili siku ya kwanza, wala si kwa akili zangu. Bibi yangu alikuwa kungwi. Mtu wa Lindi au Mtwara hahitaji kufundishwa kwamba kuna vya uwanjani na vya ndani. Siku ya kumtoa mwali kila mtu anakaribishwa, ngoma inapigwa, khanga zinatupwa, na siku hizi simu ziko juu zote zinarekodi. Lakini yaliyofundishwa ndani hayarekodiwi, na aliyeuliza kwa nini asiingie hakujibiwa na bibi. Aliangaliwa tu mpaka akaondoka. Je, tungemvumilia mgeni mwenye droni juu ya paa la nyumba ya unyago, akatuambia kwamba ametoka mbali na amelipa nauli?

Uluru nako kuna uwanja. Kuna maeneo ya kutazamia macheo na machweo, ambako unaupata mwamba mzima, unapobadilika kutoka rangi ya kutu kuwa kama kaa la moto. Hakuna anayemzuia mgeni kuipiga picha ya familia hapo.

Na wanaofuata utaratibu wanarekodi. Niliwahi kukuta kundi la wapiga filamu wenye kibali, wameongozana na mfanyakazi wa hifadhi. Chini ya mti walikuwa wameketi mama wawili wa Kianangu, watu wazima, wamekunja miguu mchangani. Mpiga picha akachuchumaa mbele yao na kile kioo kidogo cha kamera, akawaonesha alichorekodi, kipande kwa kipande. Mama mmoja alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Ikafika sehemu, akanyanyua mkono, akaugeuza kiganja mara moja tu. Yule mpiga picha hakubishana. Alibonyeza, akafuta mbele ya macho yao, wakaendelea. Mimi nilikuwa napita na chupa yangu ya maji, nikajikuta nimesimama. Katika maisha yangu nimeona kamera nyingi zikielekezwa kwa wazee maskini wa mataifa mbalimbali. Sijawahi kuona mzee akipewa nafasi ya kuamua kipi kibaki.

Hata sura za watu zina utaratibu wake. Katika jamii nyingi za wenyeji asilia wa Australia, mtu akifariki jina lake na picha yake vinawekwa kando kwa kipindi cha msiba, ndiyo maana televisheni za huku hutanguliza onyo kwamba kipindi kinaweza kuwa na picha au sauti za waliofariki. Kazini kwangu tumewahi kugeuza fremu ukutani kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyeona ni usumbufu.

Nimalizie hapa kwa upande wa nyumbani kabla sijarudi kwenye picha. Kwetu Tanzania mwenye kutaka kurekodi filamu anapitia Bodi ya Filamu, na akiingia hifadhini analipa ada za hifadhi. Sawa. Lakini Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi wanarekodiwa na wageni wakiwinda, wakicheza, wakiwa na watoto wao. Ni mzee gani wa Kihadzabe anayeoneshwa kile kioo cha kamera na kuulizwa kipi kifutwe? Kaka yetu angetumia kalamu yake kulipigania hilo, ningekuwa wa kwanza kumshukuru.

Sasa, Ndugu Mhariri, ile picha. Hakuipata kwa droni, lakini ameipiga karibu kabisa, sehemu ya njia yenye kibao nilichokitaja. Nimepita hapo, nimeitambua mara moja. Sitasema inaonesha nini, maana nitakuwa nafanya kosa lile lile kwa maneno. Imechapishwa gazetini na bado ipo kwenye tovuti yenu. Gazeti lililokwisha kuuzwa halirudi, hilo naelewa. Ya mtandaoni inaweza kutoka leo. Mwaka 2020 wasimamizi wa hifadhi waliiomba Google iondoe kwenye ramani zake picha ambazo watumiaji walizipiga kileleni mwa Uluru, ambako kupanda kulishapigwa marufuku tangu 26 Oktoba 2019, na Google ikaziondoa. Kama wao waliweza, chumba chenu cha habari kinaweza.

Kaka yetu naye nimwombe aitoe kwenye kurasa zake. Akitaka kurudi na kamera, maombi ya kibali yanapokelewa na ofisi ya hifadhi. Aandike mapema, aeleze anataka kurekodi nini, wapi na kwa matumizi gani, na atege sikio kwa jibu. Akifika Alice Springs, kwangu atapata wali na samaki wa nazi, na nitampeleka mwenyewe.

Mkihitaji picha nyingine ya kuweka mahali pa ile, msiniombe mimi. Zangu nilizipiga kwa ajili ya familia, na gazeti ni biashara. Iulizeni ofisi ya hifadhi ipi inaruhusiwa.

Mama Zuhura
Alice Springs, Australia