Sahibu, diski yako ifomati exFAT

Malindi

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Nataraji nyumbani hawajambo, wakubwa kwa wadogo.

Diski yako si mbovu. Inakuonyesha GB 900 tupu na bado inaikataa video ya harusi ya GB 11 kwa sababu imefomatiwa FAT32, mfumo mmojawapo wa kupanga faili kwenye diski. Mfumo huo huandika ukubwa wa kila faili kwa namba ya biti 32, na namba hiyo ikifika baiti 4,294,967,295 imekwisha. Ndiyo GB 4 hiyo. Nafasi iliyobaki haisaidii kitu.

Wengine watakwambia uigeuze iwe NTFS, mfumo wa Windows, kwa amri ya convert E: /fs:ntfs, maana haifuti faili. Kweli haifuti, lakini hairudi nyuma, nawe umesema mhariri wako wa Shela anatumia Mac. Mac huisoma NTFS, haiiandiki mpaka iongezewe programu. Video zako atazifungua, akishahariri hana pa kuzirudisha.

Wewe chukua exFAT, mfumo wa tatu. Windows na Mac zote huisoma na kuiandika, na Linux nayo tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. Hamisha kwanza vyote vilivyomo, kwani kufomati kunafuta. Kisha bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua Format, halafu exFAT. Kwa kuwa diski ni ya mkono wa pili, ondoa tiki kwenye Quick Format ili ikaguliwe yote. Diski ya TB 1 yaweza kuchukua saa tatu au zaidi, kwa hiyo laptopu iwe kwenye chaji.

Ukubwa wa vizio (Allocation unit size), yaani vipande ambavyo diski hugawanywa kuhifadhi faili, usiuguse. Kwa diski kama yako Windows itaweka KB 128, na kwa video ni sawa kabisa. Tabu iko kwa faili ndogo: kila moja hukamata KB 128 nzima hata ikiwa na KB 2. Faili 10,000 za namna hiyo, ambazo ni MB 20 tu, zitakula zaidi ya GB 1. Zifunge kwenye zip moja kabla ya kuzinakili.

Sasa hili nakusihi ulishike. NTFS huandika pembeni badiliko inalotaka kufanya kabla ya kulifanya, hivyo umeme ukikatika inajua ilipofikia. exFAT haina daftari hilo. Mstari wa kunakili ukishafika mwisho, kompyuta yaweza kuwa bado inaandika. Ukichomoa waya taa ya diski ikipepesa, orodha ya faili hubaki nusu na folda nzima yaweza kupotea. Toa diski kwa Eject, ngoja taa itulie, ndipo uchomoe. Ikileta makosa, nakili kwanza kinachosomeka, halafu ndipo uendeshe chkdsk E: /f, amri ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski, herufi iwe ile ya diski yako.

Kwa sababu hiyo, nakala ya pili ya harusi za watu iweke kwenye diski nyingine ya NTFS isiyotoka nyumbani.

Televisheni nyingi za zamani haziijui exFAT. Mteja akitaka kutazamia huko, mpe flashi ya GB 16 ya FAT32, na video uikate vipande visivyofika GB 4.

Ikikataa tena, niandikie maneno yale yale yatakayotokea kwenye kioo.

Wasalaam,
Sahibu wako