Mwanangu, Andika Fungu, Usiandike Kiasi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mwenzio na kwa wajukuu. Barua yako nimeipata. Unataka kuandika wosia, na ndani yake kituo cha yatima nacho kipate chochote bila watoto wako kupunjika. Umeniuliza maneno ya kuandika. Maneno tutayafikia, lakini kwanza ujue ni mali ipi iliyo mikononi mwa wosia, maana watu wengi huusia vitu ambavyo wosia hauna mamlaka navyo.

Chukua karatasi uipige safu nne: mali yenyewe, thamani yake leo, jina lililomo kwenye hati, na nani ataichukua ukiondoka leo bila kuandika lolote. Safu ya nne ndiyo itakayokushtua. Nyumba mliyosajili wawili inaweza kuwa ya aina mbili. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa, yote humwangukia aliyebaki, wosia useme usemalo. Na kuna ule wa mafungu, ambao fungu lako ni lako na waweza kuliusia. Isome hati yenyewe, usitegemee mlichoelewana siku ya kununua. Bima ya maisha na mafao ya kazini nayo mara nyingi hufuata fomu ya mnufaika, ile uliyojaza siku umeajiriwa ukaisahau. Kuna watu wamekufa na jina la mwenzi waliyeachana naye zamani likiwa bado limo kwenye fomu hiyo. Ukitaka sehemu ya bima iende kwenye hisani, nenda kabadilishe fomu. Kuandika kwenye wosia peke yake hakutoshi.

Kisha uliza ni sheria ipi inayokuhusu, na ardhi kwa kawaida hufuata sheria ya nchi ilipo, hata kama wewe unaishi kwingine. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja hana ruhusa ya kuusia zaidi ya nusu ya mali yake. Mwenye wawili ni theluthi moja, mwenye watatu au zaidi ni robo tu. Katika sheria ya Kiislamu wosia hauvuki theluthi baada ya madeni kulipwa, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila warithi wenzake waridhie. Uingereza mtu ana uhuru mpana zaidi, lakini sheria ya mwaka 1975 inawaruhusu mwenzi, watoto na wengine waliokuwa wakimtegemea marehemu kwenda mahakamani wakiona wameachwa bila cha kuwatosha. Sadaka iliyovuka mpaka huwa kesi, na gharama za kesi huweza kutoka kwenye mali hiyo hiyo.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana hapa ndipo familia nyingi huumia. Ukifa, mali yako haigawanywi kwa mpangilio ulioandika wewe. Kwanza hutoka gharama za mazishi na za usimamizi wa mirathi, madeni na kodi. Halafu hutolewa zawadi zilizotajwa, yaani kitu fulani kwa fulani, kiasi fulani kwa fulani. Kinachobaki ndicho huitwa salio, na kwa kawaida salio ndilo waliloachiwa watoto. Kwa hiyo mali ikipungua, wa kwanza kupunguziwa ni watoto.

Tuseme leo una mali ya milioni 100 na huna deni. Unaandika: milioni 30 kwa kituo cha yatima, salio kwa wanangu watatu. Kwa hesabu ya leo watoto wana 70, na umeridhika. Miaka inapita, unaugua, unauza hiki na kile kujitibu. Unaacha milioni 50, na kati ya hizo 10 zinaliwa na madeni na gharama. Zimebaki 40. Kituo kinachukua 30 zake kamili, na wanao watatu wanagawana 10. Msimamizi hana ruhusa ya kusema "marehemu hakukusudia hivi". Yeye hufuata karatasi. Lakini ungeandika asilimia 30 ya salio, kituo kingepata 12 na watoto 28. Na mali ikikua hadi 300, kiasi cha 30 ulichokipanga kama theluthi hivi kinakuwa sehemu ya kumi tu. Fungu hupanda na kushuka pamoja na mali. Kiasi kinafaa kwa zawadi ndogo ambayo haiwezi kumwathiri mtu.

Kuusia kitu chenyewe ni hatari zaidi. Ukiandika kiwanja fulani kiende kwa taasisi, kisha ukakiuza kabla ya kufa, zawadi hiyo imekufa, na kwa kawaida hakuna fidia. Na hata kikiwepo, huenda taasisi haikitaki: kina gharama za kuhamisha hati, kina mpangaji, kina mgogoro wa mpaka. Waulize kwanza.

Kifungu chenyewe kiwe hivi, kisha wakili akirekebishe kwa sheria ya mahali pako:

"Baada ya kulipwa madeni, kodi, gharama za mazishi na za usimamizi, mali yangu yote iliyobaki igawanywe mafungu 10 yaliyo sawa. Mafungu 9 wagawane wanangu sawa kwa sawa. Aliyefariki kabla yangu akiacha watoto, watoto hao wachukue sehemu yake. Fungu 1 lipewe taasisi (jina kamili kama lilivyosajiliwa, namba ya usajili, anwani). Ikiwa taasisi hiyo imefungwa au imeungana na nyingine, msimamizi wangu alipeleke fungu hilo kwa taasisi yenye lengo linalokaribiana. Stakabadhi ya mweka hazina wake itamtosha msimamizi."

Usiandike "kituo cha yatima cha mjini" ukidhani watajua. Vikitokea viwili vyenye majina ya kufanana, vyote vitadai. Namba ya usajili ndiyo inayomaliza ubishi. Wala usiwafunge kwa lengo jembamba. Ukisema fedha zinunue mashine ya aina fulani, na siku hiyo mashine hiyo haitumiki tena, huenda msimamizi akalazimika kwenda mahakamani kuomba kibali cha kubadilisha matumizi. Andika "ningependa zitumike kwa matibabu ya watoto". Hilo ni ombi, si sharti.

Umetaja pia kuanzisha mfuko wa familia, au wakfu. Mimi nakushauri usifanye kwa fedha kidogo. Wakfu maana yake mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, yanayotumika ni mapato yake, kwa hiyo lazima awepo wa kuitunza, kuweka hesabu na kurithisha kazi hiyo kwa mwingine. Mapato yakiwa madogo, yote huishia kwenye hesabu na matengenezo. Badala yake, ipe taasisi sehemu sasa, ungali hai, uone wanaitumiaje. Wakivurunda, fungu la wosia unalihamisha. Nchi nyingi hukupunguzia kodi ya mapato kwa sadaka ya namna hiyo ukiwa na stakabadhi. Uingereza hata wosia una nafuu yake: anayeacha walau asilimia 10 ya mali inayotozwa kodi kwa hisani, kodi ya mirathi kwa sehemu inayobaki kutozwa hushuka kutoka asilimia 40 hadi 36.

Kutia saini kusikuponze. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, mashahidi ni wawili, wote wawepo kwa wakati mmoja wakikuona unatia saini. Shahidi asiwe anayepewa kitu, wala mume au mke wake. Akiwa hivyo, wosia utasimama, ila zawadi hiyo itapotea. Kurasa ziwe na namba, na kila ukurasa saini. Ukishazibana kwa pini, usiitoe hata kwa kutoa nakala, kwani matundu yasiyo na pini humfanya karani wa mirathi aulize ni karatasi gani iliyochomolewa. Usifute neno baada ya saini; ukitaka kubadilisha, andika nyongeza yenye mashahidi au wosia mpya. Ndoa mpya huweza kubatilisha wosia wa zamani wote.

Nywila na namba za benki usiziweke humo, maana wosia ukishathibitishwa, katika nchi kadhaa mtu yeyote anaweza kuusoma. Hizo, pamoja na sababu zako za kutoa sadaka, ziandike kwenye barua ya pembeni kwa msimamizi. Watoto nao waambie mapema kuhusu lile fungu la kumi, tena kwa mdomo wako.

Nakala halisi mpe wakili, au iweke mahali ambapo msimamizi anapajua na anaweza kufika bila wewe. Ikipotea ukiwa ndiye uliyekuwa nayo, mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza huanza kwa kudhani uliichana mwenyewe.

Wasalaam,
Mama yako