Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar

YAH: UKAGUZI WA ZAMU ZA USIKU KATIKA MELI ZA MAFUTA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Assalaam aleikum.

Mwaka 2012, kwa sababu ya vikwazo dhidi ya Iran, ilibidi meli 36 za Iran zifutwe katika daftari letu. Zogo lote lilikuwa la karatasi: mwenye meli nani, inaitwaje, imesajiliwa wapi. Sisi tunaoijua kazi ya chumba cha usukani tunaomba wakaguzi wako watazame penginepo, na mfano wetu ni Sanchi, meli ya mafuta ya Iran.

Iliundwa Korea Kusini mwaka 2008, urefu mita 274. Iliwahi kuitwa Saman, Sepid, Gardenia na Seahorse. Majina hayo siyo yaliyoizamisha. Namba ya IMO, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa meli, haibadiliki hata meli ikibatizwa mara kumi. Jioni ya tarehe 6 Januari 2018, ikitoka Iran kwenda Korea Kusini na zaidi ya tani 110,000 za kondensati, yaani mafuta mepesi mno yanayotoka pamoja na gesi asilia, iligongana na meli ya nafaka, CF Crystal, maili 160 hivi kutoka Shanghai. Ilikuwa saa 1:50 usiku, dakika kumi kabla ya saa ya kupokezana zamu. Watu wote 32 wa Sanchi walikufa. Iliwaka hadi tarehe 14, ikazama.

Sanchi ilikuwa ikipanda kaskazini, CF Crystal ikishuka kusini-magharibi kutoka kulia mwa Sanchi. Kanuni ya 15 ya sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini inamtaka anayemwona mwenzake kulia ampishe. Lakini CF Crystal nayo ilikuwa imegeuza uelekeo muda mfupi kabla. Wachunguzi hawakukubaliana nani abebe lawama kubwa; walichoafikiana ni kwamba kote kuwili lindo lilikuwa legevu. Na kipimo chenyewe ni cha kale: pima kwa dira pembe ya taa unayoiona, ngoja kidogo, pima tena. Pembe ikibaki ileile na umbali unapungua, mtagongana. Hapo geuza mapema, na geuza sana. Nyuzi tano tano hazionekani kwenye rada ya mwenzio.

Msitegemee mno ukuta wa pili wa meli. Nafasi kati ya kuta hizo ni kama mita 2, inafaa meli ikikwaruza mwamba, si ikipigwa na omo, yaani sehemu ya mbele, la meli yenye shehena nzima. Ndani ya matangi, gesi ajizi, yaani gesi isiyochochea moto, huiweka oksijeni chini ya asilimia 8 ili moto usishike. Bati likipasuka, hewa inaingia, na kinga hiyo imekwisha. Mvuke wa kondensati ni mzito kuliko hewa, hutambaa juu ya sitaha na juu ya maji hadi upate cheche.

Kifaa cha kupumulia cha kutorokea kina hewa ya dakika 10. Boti la kujiokolea la meli ya mafuta nalo lina hewa ya dakika 10 na sharti listahimili moto kwa dakika 8, lakini dakika hizo zinahesabiwa watu wakishafunga mlango. Wangapi hufanya mazoezi ya kutoka kitandani hadi botini gizani, kifaa kichwani, saa ikihesabu? Mazoezi mengi tunayoyajua hufanywa saa nne asubuhi, jua likiwaka, kila mtu ameshavaa jaketi.

Tunaomba mkaguzi akipanda meli ya mafuta achague mwenyewe usiku mmoja kutoka kinasa-safari, chombo kinachorekodi sauti na rada za chumba cha usukani, bila kumuuliza nahodha. Vinasa vipya huhifadhi siku 30. Asikilize sauti na atazame rada kuanzia saa 1:30 hadi saa 2:15 usiku, kisha saa 9:30 hadi 10:15 alfajiri, zamu zinapobadilishana. Meli yenye kinasa cha zamani kinachohifadhi saa 12 tu ikaguliwe asubuhi na mapema, kabla usiku wake haujafutika. Na zoezi la boti lifanywe usiku, mkaguzi akiwa na saa mkononi. Likizidi dakika 10, cheti kisitolewe siku hiyo.

Wasalaam,
Sisi, watu wa kazi za bahari