Vigae vyenye kingo zisizonyooka havitaki haraka

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mafundi wanaobandika vigae vya ukutani vilivyotengenezwa kwa mkono kana kwamba vimetoka kiwandani vikiwa na kipimo kimoja. Kigae chenye ukingo uliopindapinda hakiwezi kuongozwa na vile visalaba vya plastiki vinavyowekwa kati ya vigae ili kutenga nafasi, kwa sababu kisalaba hugusa sehemu moja tu ya ukingo, na tofauti ndogo ya safu ya kwanza hujilimbikiza hadi safu ya kumi ikaonekana imelala upande. Inafaa kuchora mistari ukutani kwa pimamaji kila baada ya safu mbili au tatu, kisha kila kigae kisogezwe kwa jicho, kikishikiliwa na kabari ndogo mpaka gundi ishike.

Kuhusu upana wa nafasi kati ya kigae na kigae, kanuni inayotambulika ni kwamba usipungue mara tatu ya tofauti ya ukubwa kati ya vigae: vikitofautiana kwa milimita 1.5, nafasi iwe walau milimita 4.5. Wateja wengi hudai nafasi nyembamba kama uzi, nao mafundi hukubali, ingawa wanajua kasoro itajianika.

Nafasi pana huhitaji grauti (mchanganyiko wa kujazia nafasi hizo) yenye mchanga, isiyonywea na kupasuka upesi, ila ijaribiwe kwanza kwenye kipande kilichobaki, maana mchanga huweza kukwaruza vigae vinavyong'aa. Visivyopakwa glezi vipakwe kizibo, yaani dawa ya kuziba vinyweleo vyake, kabla ya kujaza grauti, la sivyo vitanyonya rangi ya grauti, na doa hilo halitoki kwa sponji.

Msomaji wenu