Cheni iliyolegea ndiyo inayokula rangi ya baiskeli

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenye baiskeli wa Dodoma, na zaidi na wauzaji na mafundi wanaozifunga zikiwa mpya. Kuna kipande kimoja cha fremu kinachoharibika mapema kuliko vingine vyote bila mtu kukijali. Ni lile bomba la chini la nyuma, upande wa kulia, linalotoka kwenye kranki, pale pedeli zinapozungukia, hadi kwenye ekseli ya gurudumu. Cheni inapita juu yake ikienda mbele, inarudi chini yake ikielekea nyuma. Inamia baiskeli zilizoegeshwa Soko la Majengo au Sabasaba uangalie hapo. Kwenye zile zilizokwisha kutumika mwaka mmoja au miwili utakuta mara nyingi rangi imebanduka kwa urefu wa kiganja, chuma kiko wazi, na pembeni kutu imeanza kuinua rangi iliyobaki kama gamba la kidonda.

Wengi huona hilo ni jambo la urembo. Bomba hilo ni tupu ndani na ukuta wake ni mwembamba, na rangi ndiyo ngozi yake. Ukavu wa hewa ya Dodoma unatufariji kupita kiasi, tunasema kutu ni shida ya watu wa pwani. Lakini madumu ya maji huvuja kwenye keria, na maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Vumbi hushika unyevu huo na kuukalisha palepale palipochubuka. Kisha mvua zinaingia, Novemba ikiishia au Desemba, na kidonda kilichokaa wazi tangu Mei kinapata maji ya kutosha. Kutu ikila vya kutosha, bomba hupasuka karibu na kranki, na hupasuka likiwa na gunia la mkaa juu. Kuchomelea hakurudishi fremu ilivyokuwa, maana moto hulivuta bomba jembamba na gurudumu halikai tena katikati.

Dawa ya kulifunga bomba hilo kwa mpira wa tyubu kuukuu inajulikana, na ni nzuri. Nitaieleza. Ila ninachoomba kieleweke kwanza ni kwamba mpira hauzuii kitu kama cheni imelegea. Unaficha tu. Cheni itaupiga mpira mpaka utoboke, maji yataingia chini yake, na kutu itafanya kazi gizani.

Kwa baiskeli isiyo na gia, shika cheni ya chini katikati, kati ya kranki na gurudumu la nyuma, uisukume juu kisha uivute chini kwa kidole. Mwendo wote, kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, uwe kati ya sentimita 1 na 1.5. Usipime mahali pamoja ukaridhika. Sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, kwa kawaida si duara kamili, hivyo zungusha pedeli polepole, tafuta mahali ambapo cheni inakaza zaidi, na upime hapo. Ukikaza kwa kupima pale palipolegea, kranki ikizunguka nusu mzunguko cheni itakuwa kama waya wa gitaa, na gololi za kranki na za ekseli ndizo zitakazolipa.

Kuna alama nyingine inayowapoteza hata mafundi. Angalia upande wa kushoto, ndani, pale tairi inapopita karibu na bomba la kushoto nyuma ya kranki. Kwenye baiskeli za mizigo utakuta rangi imesuguliwa mpaka chuma kinang'aa. Fundi husema rimu imepinda, anaanza kukaza spoki. Mara nyingi rimu haina kosa. Mtu akikanyaga pedeli na madumu manne ya lita 20 nyuma, yaani kilo 80, cheni huvuta ncha ya kulia ya ekseli kuelekea mbele. Nati isipokuwa imekazwa barabara, ncha hiyo huteleza, gurudumu hulala, na mbele ya tairi husogea kushoto. Papo hapo cheni hulegea na kuanza kupiga bomba la kulia. Alama ni mbili, kulia na kushoto, chanzo ni kimoja.

Kurekebisha, legeza nati zote mbili za ekseli kwa spana, nyingi ni namba 15 au 17. Rudisha gurudumu nyuma kwa vile vikaza cheni vidogo vilivyo kwenye ncha za fremu, nusu mzunguko kulia, nusu mzunguko kushoto, huku ukitazama tairi ikae katikati ya mabomba mawili. Kaza nati ya kulia kwanza kwa sababu ndiyo inayovutwa, kisha ya kushoto, na upime cheni upya, maana kukaza nati nako husogeza ekseli kidogo. Kama vikaza cheni vimepotea, na kwenye baiskeli nyingi vimepotea, nunua vingine. Kwa baiskeli ya mzigo hicho si kipuri cha hiari.

Cheni yenyewe ikiwa imechakaa, utakaza leo na wiki ijayo imelegea. Ipime kwa rula. Toka katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele yake. Ikiwa mpya, umbali huo ni inchi 12 kamili, yaani sentimita 30.5 hivi. Ikifika sentimita 30.8, itoe. Ukifunga mpya yenye kiungo cha klipu, mdomo wazi wa klipu uelekee kinyume na mwendo wa cheni. Ukiuelekeza mbele, kitu chochote kinachogusa klipu huweza kuing'oa, na cheni iliyokatika mwendoni huchapa fremu kuliko mwaka mzima wa kulegea.

Za gia zina habari yake. Huko cheni hukazwa na springi ya ule mkono wa nyuma wenye vigurudumu viwili vidogo, na kwenye mawimbi ya barabara za vumbi kama za kuelekea Mvumi au Hombolo, cheni ya chini huruka na kurudi. Anayeshuka mteremko wenye mawe aweke cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele. Mkono wa nyuma hunyooshwa, springi inavuta kwa nguvu zaidi, na mchapo unapungua sana. Kama rangi imechimbwa kwa mistari mirefu nyuma ya kranki, upande wa ndani, basi cheni imekuwa ikidondoka kati ya sproketi ndogo na fremu. Weka cheni kwenye sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, kisha kwa bisibisi rekebisha skrubu ya kikomo cha ndani hadi nafasi kati ya cheni na bati la ndani la kihamisha gia cha mbele iwe kama nusu milimita hadi milimita 1.

Cheni ikishakaa sawa, ndipo uende kwenye rangi. Toa cheni, osha bomba kwa mafuta ya taa kuondoa grisi, kisha osha tena kwa maji ya sabuni kuondoa hayo mafuta ya taa, na ulikaushe. Piga msasa namba 120 pale penye kutu mpaka uone chuma cheupe, halafu namba 240 hadi ndani kidogo ya rangi nzima, ili ukingo ulale na usikae kama ngazi. Ukingo ulioachwa kama ngazi ndipo rangi mpya huanza kubanduka. Futa kwa kitambaa chenye thina, na usiguse tena kwa kidole, jasho la mkono linatosha kuharibu. Paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya mafundi wa mageti, mikono miwili myembamba, kisha rangi ya mafuta mikono miwili, na uache saa 24 kati ya mkono na mkono. Baada ya hapo subiri wiki nzima kabla ya kufunga mpira. Najua wiki ni nyingi kwa mtu anayeishi kwa baiskeli. Unaweza kuiendesha, lakini usiifunge. Mpira ukibanwa juu ya rangi ambayo haijakomaa hushikamana nayo, na siku utakapoufungua utaondoka na kazi yako yote.

Sasa mpira. Tyubu ya inchi 26 iliyokufa ikikatwa hutoa urefu wa karibu mita 2. Ichane kwa mkasi, upate utepe wa upana wa sentimita 3 na urefu wa mita 1.2 hivi. Ukingo uwe laini, kwa sababu kila kijipasuko ulichoacha ndipo mpira utakapochanikia. Osha ile poda nyeupe ya ndani. Anza kufunga upande wa mbele, karibu na kranki, uelekee nyuma. Kwenye baiskeli nyingi kranki iko chini kidogo ya ekseli, kwa hiyo ukianza mbele umeanza chini, na kila mzunguko unalalia nusu ya ule wa chini yake kama bati la juu linavyolalia la chini. Maji yanateleza. Ukianzia nyuma umefunga mifuko midogo inayokusanya maji.

Vuta mpira unapofunga, unyooke kama robo ya urefu wake, usizidishe. Uliovutwa mno hupasuka ukiungua jua la Oktoba. Mzunguko wa mwisho uufunge kwa tepu ya umeme au kwa kibano cha plastiki cha kufungia nyaya, na kichwa cha kibano ukigeuze ndani chini, mbali na cheni, na ncha yake uikate isichane suruali. Kabla ya kuondoka zungusha kranki kinyumenyume na uangalie mambo mawili: kranki isiguse mpira, na tairi iwe na nafasi. Kwenye baiskeli ya gia, waya wa gia unaopita wazi kwenye bomba hilo usiufungie ndani, utakwama na gia hazitaingia. Na kama fremu yako ina tundu dogo la kutoa maji kwenye bomba hilo, liache wazi. Mwenye fremu nyeupe au ya rangi nyepesi aweke kwanza utepe mwangavu chini ya mpira, kwa kuwa mpira mweusi huacha doa lisilotoka.

Mpira huo si wa kudumu. Ufungue mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, ufute, ukague, ufunge mwingine. Ukiukuta umevimba na kulegea, ni mafuta ya cheni yameulainisha. Kitambaa usikitumie hata siku moja, kinakunywa maji na kuyatunza. Ngozi vilevile hutunza unyevu. Hosipaipu ya inchi robo tatu iliyopasuliwa kwa urefu inafaa baiskeli za mkaa, ila ni nene, pima kwanza kama cheni na tairi zinapata nafasi. Ile plastiki ya dukani ambayo wengine huiacha kwenye fremu miezi na miezi ili ibaki mpya haisaidii: vumbi huingia chini yake, plastiki inatikisika, na yenyewe inakuwa msasa.

Kuhusu mafuta, oili chafu ya injini ina chembe za chuma ndani yake, na iliyozidi hudondoka kwenye mpira. Mafuta ya alizeti, ambayo huku kwetu na Singida hayakosekani jikoni, hukauka yakawa kama ulimbo, yakashika vumbi lote la njiani. Kijiko kimoja cha chai cha oili safi kinatosha cheni nzima, tone kwenye kila kiungo. Subiri dakika kumi, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Msing'oe kava ya cheni kwa kuwa mteja kasema inapiga kelele. Kava inayolia imepinda, inyoosheni kwa mkono. Chini ya kila klempu inayobana fremu, iwe ya kava, ya stendi au ya keria, wekeni kipande cha tyubu kabla ya kukaza, sababu klempu ya bati hukata rangi siku ileile ya kwanza. Na baiskeli isitoke dukani kabla fundi hajaipima cheni na kulifunga bomba hilo. Rangi ya kiwandani bado ni nzima siku hiyo, haihitaji msasa, thina wala kusubiri wiki, na tyubu zilizokufa zimejaa chini ya benchi.

Fundi baiskeli,
Chang'ombe, Dodoma