Barua kwa binamu yangu anayetaka tutawaliwe na kompyuta

Binamu,

Tangu tuachane kwenye arobaini ya babu, maneno yako hayajanitoka. Ulisema matajiri wameinunua Kenya yote, na dawa ni kuitoa serikali mikononi mwa watu na kuikabidhi mitambo, kwa kuwa mashine haina tumbo wala shemeji wa kumtafutia kazi.

Kuhusu matajiri sikupingi. Nimeliona gari la mgombea likisimama pale mwembeni, vijana wakigawa leso na noti za mia mbili, na mama akirudi nyumbani na pakiti ya unga yenye picha ya mtu ambaye hatukumwona tena miaka mitano. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi iliweka ukomo wa pesa za kampeni, shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais. Wabunge wakazikataa kanuni hizo. Bilioni nne na ushei, na bado ukomo haukutakiwa!

Lakini mashine nayo ina aliyeiagiza, aliyelipwa kuiunda, na anayeshika ufunguo. Unakumbuka 2017, "fungua seva" ilivyokuwa midomoni mwa kila mtu? Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume, yaani kompyuta zilizotunza matokeo, zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Fomu za matokeo mtu aliweza kuzishika na kuzisoma. Yaliyokuwa ndani ya seva waliyajua wachache, na wachache hao hatukuwachagua.

Sasa nikueleze yaliyompata nyanya. Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye ofisi moja ya umma. Karani akampangusa vidole kwa kitambaa, akavibonyeza kwenye kile kioo chenye taa ya kijani, mara nne, mara tano. Alama hazikusomeka. Miaka ya jembe na kusuka makuti imezila. Karani mwenyewe kijana mpole, akamwambia taratibu, "Nyanya, mfumo umekukataa." Nyanya akaitazama mikono yake kama aliyeletewa ya mtu mwingine. Mzee wa mtaa angesema, namjua huyu, na tungemaliza. Hata tajiri ana mlango wa kubisha. Kile kioo ningekibembeleza kwa maneno gani?

Sisemi turudi kwenye mafaili ya vumbi. Estonia, ambako watu wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, raia anaweza kuingia kwenye mfumo akaona ni nani aliyefungua taarifa zake. Hilo nalitaka kwetu, tena leo. Na Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu kwa namba moja, ilipokuja, Wanubi, ambao kupata kitambulisho tu kumewasumbua vizazi na vizazi, walikwenda mahakamani pamoja na wenzao. Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia serikali kuchukua vinasaba vyetu, ikaitaka iweke kanuni kwanza. Mfumo haukujizuia wenyewe, binamu. Walisimama watu, wakauliza, na serikali ikalazimika kujibu. Ukiikabidhi mitambo kila kitu kama unavyotaka, nani atalazimika kujibu?

Jumatatu nampeleka nyanya tena. Safari hii nimembebea cheti cha ubatizo wa mwanawe wa kwanza, kadi yake ya zamani na barua ya chifu. Ukipata nafasi, njoo usimame nasi pale dirishani.